San Juan, Desolation au Grand Canyon: upange mto upi wa korongo la jangwani?

Anayeanza kupanga safari ya boti ya mpira kwenye makorongo ya Utah na Arizona, swali lake la kwanza huwa ukubwa wa maporomoko. Lina maana, lakini lingekuja la tatu au la nne. Safari nyingi za huku huharibiwa na upepo wa mchana unaosukuma boti kurudi ilikotoka, mchanga uliojificha kimo cha kifundo cha mguu chini ya maji, barabara ya udongo iliyonyeshewa usiku, na upungufu wa watu wanaojua kuvuta makasia. Maporomoko ni ya dakika mbili. Upepo ni wa siku nzima.

Hapa tunalinganisha safari tatu ambazo kikundi binafsi kinaweza kuzifanya bila kuajiri waongozaji. Ya kwanza ni mto San Juan, kutoka Sand Island karibu na mji wa Bluff hadi Clay Hills. Ya pili ni mto Green ndani ya makorongo ya Desolation na Gray, kutoka Sand Wash hadi Swaseys. Hizi mbili urefu wake unakaribiana sana, takriban km 135 kila moja, na nyingi hufanywa kwa siku tano hadi saba. Ya tatu ni Colorado ndani ya Grand Canyon, kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek, takriban km 364.

Tunazipima kwa vigezo vilevile: kibali, maji na msimu wake, maporomoko, kambi na hali ya jangwa, choo na mizigo, kisha barabara. Aliyewahi kushuka Nile kule Jinja au Tana kule Sagana ana mwanzo mzuri, ila ajue tofauti mbili. Kule jioni unalala kitandani, na ukianguka mtoni maji hayakugandishi mikono. Huku unabeba nyumba yako yote kwenye boti, na kwenye Colorado baridi ya maji ni hatari inayojitegemea.

Kibali

Kote kuna bahati nasibu. San Juan na Desolation ziko chini ya BLM, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi za umma. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Recreation.gov kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Januari kwa msimu unaofuata, na kikundi kisizidi watu 25. Tarehe ambazo wengine wameziacha hurudi kwenye mfumo baadaye, kwa hiyo mwenye ratiba inayonyumbulika anaweza kupata nafasi hata baada ya kushindwa kwenye droo.

Grand Canyon inaendeshwa na Hifadhi ya Taifa yenyewe. Droo kuu hufanyika Februari kwa safari za mwaka unaofuata, na ada ya kuomba ni dola 25. Kibali ni cha kikundi kidogo cha watu 8 au kikubwa cha watu 16. Mtu haruhusiwi kushuka zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kadiri miaka inavyopita tangu ashuke mara ya mwisho ndivyo nafasi zake kwenye droo zinavyoongezeka. Tarehe za kiangazi hugombewa, za baridi hupatikana kwa urahisi zaidi. Kikundi lazima kiwe na mtu mwenye uzoefu wa mto wa aina hii, na hilo si la kujaza fomu tu.

Kibali cha pili ndicho watu hukisahau. Kwenye San Juan ukingo wa kushoto, ukitazama mto unakoelekea, ni ardhi ya Wanavajo, moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Amerika. Kulala au kutembea huko kunahitaji kibali chao. Kwenye Desolation sehemu kubwa ya ukingo wa kushoto ni ya Wayuti wa hifadhi ya Uintah na Ouray, utaratibu uleule. Na Diamond Creek, pale unapotoa boti majini, ni ardhi ya Wahualapai, nao hutoza ada ya kupita. Ombeni hivi mapema pamoja na kibali kikuu. Ni ardhi ya watu, na heshima huanza kabla ya kufika.

Maji na msimu

Vipimo vyote vya mito hii hutolewa kwa futi za ujazo kwa sekunde, nasi tutafuata hivyo. Mita moja ya ujazo ni kama futi 35.

San Juan hupanda theluji inapoyeyuka milimani, Mei na Juni, ingawa bwawa la Navajo lililo juu yake hushika sehemu ya maji hayo. Chini ya futi 500 boti nzito huanza kukwaruza mawe, na safari ya siku sita hugeuka ya siku saba za kusukuma. Boti ndogo za mpira za mtu mmoja au wawili hupita hata maji yakiwa haba. Green ina maji mengi zaidi. Bwawa la Flaming Gorge liko juu, lakini mto Yampa unaoingia chini yake hauna bwawa kubwa la kuuzuia, kwa hiyo gharika ya theluji ya mwishoni mwa Mei na Juni hufika Desolation ikiwa na nguvu. Julai na Agosti maji hutulia, huwa ya vuguvugu, na watoto huweza kuogelea.

Grand Canyon ina tabia ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko mtu wa bara: maji hujaa na kupwa kila siku. Si mwezi unaoyavuta, ni umeme. Bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia mto mwaka 1963, hufungulia maji kufuata mahitaji ya umeme ya miji. Kanuni za kawaida huweka kiwango cha chini cha futi 8,000 mchana na 5,000 usiku, na cha juu futi 25,000. Wimbi hilo husafiri kuelekea chini, kwa hiyo kujaa kwa mchana pale bwawani kunaweza kukufikia usiku wa manane ukiwa kambini. Ukifunga boti jioni maji yakiwa yamejaa, asubuhi unazikuta zimekaa juu ya mchanga mkavu, kila moja na masanduku yake, na watu sita hawaisogezi. Ukizifunga maji yamekupwa kwa kamba fupi, usiku kamba inakazika na kuvuta pua ya boti chini. Dawa yake ni kamba ndefu, fundo kwenye kitu kisichong'oka, kijiti cha alama kwenye ukingo wa maji, na mtu mmoja wa kuamka usiku kukiangalia.

Kisha baridi. Maji yanayotoka bwawani hutoka kina kirefu, na kwa miaka mingi yamekuwa nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi pale Lees Ferry. Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa hilo, linapopungua maji hayo hupata joto zaidi mwishoni mwa kiangazi, lakini usipange kwa kulitegemea hilo. Hewa ikiwa nyuzi 40, mtu aliyeanguka kwenye maji ya nyuzi 10 hupoteza nguvu za vidole ndani ya dakika chache. Atashindwa kushika kamba uliyomrushia, hata kama ni muogeleaji hodari. Kwa hiyo mavazi hufuata maji, si hewa: suti ya mpira au suti isiyoingiza maji katika miezi ya baridi, na walau koti lisilopitisha maji na nguo za sufu siku za maporomoko makubwa hata Juni.

Maporomoko

San Juan ni mpole, daraja la II na machache ya III, kwenye kipimo cha I hadi VI ambapo VI ni gumu zaidi. Kuna Four Foot, Eight Foot na Ledge katika sehemu ya juu, Ross, kisha Government, ambalo ndilo la kusimama na kulitazama kutoka ukingoni. Maji yakipungua mawe ya Government hujitokeza, na hapo ndipo boti hukwama. Lakini mto huu una jambo ambalo mingine miwili haikuonyeshi kwa namna hii, nalo ni mawimbi ya mchanga. Maji mazito ya tope hujenga vilima vya mchanga sakafuni. Juu ya vilima hivyo mawimbi huinuka moja baada ya jingine mahali palipokuwa tulivu sekunde chache zilizopita, husogea kuelekea juu ya mto, huchafuka, kisha hutoweka kabisa. Boti haina la kuogopa, elekeza pua mbele na upite katikati. Mwenye mtumbwi wazi akae pembeni.

Desolation huanza na maji shwari ya karibu km 40, kisha maporomoko hufuatana hadi mwisho, mengi daraja la II na kadhaa la III: Steer Ridge, Joe Hutch, Three Fords, Rattlesnake, Coal Creek. Kwa anayejifunza kuvuta makasia mpangilio huu ni zawadi. Siku mbili za kwanza unazoea uzito wa boti, halafu ugumu unapanda taratibu, na baada ya karibu kila poromoko kuna kidimbwi cha kukusanyia vitu vilivyoelea.

Grand Canyon hutumia kipimo chake cha 1 hadi 10. Hance, Horn Creek, Granite, Hermit, Crystal na Lava Falls ni ya juu kabisa. Ugumu hubadilika na maji: Hance na Horn Creek huwa mabaya zaidi maji yakiwa haba kwa sababu ya mawe, wakati mengine hujenga mashimo makubwa maji yakijaa. Crystal lilibadilika Desemba 1966, mafuriko ya korongo la pembeni yalipomwaga mawe mtoni na kuubana. Ukilikaribia lolote kati ya haya, funga boti juu yake, panda mawe, tazameni njia pamoja, mkubaliane nani anatangulia na nani anasubiri chini na kamba. Hakuna aibu kukaa nusu saa mkitazama.

Kote kutatu, ajali ya kawaida ni moja. Boti inakwenda ubavu kwenye mwamba. Maji yanapanda juu ya upande unaotazama mkondo. Upande huo unazama, na boti inajifunga kwenye mwamba kama nguo kwenye kamba. Kosa hufanywa katika sekunde ya kwanza, kwa sababu mwili unataka kuukwepa mwamba, na kumbe kuukwepa ndiko kunakozamisha upande wa mkondo. Rukieni upande wa mwamba, wote, kwa nguvu, ili upande wa juu uinuke na maji yapite chini yake. Fanyeni zoezi hili siku ya kwanza kwenye maji matulivu, mpaka neno moja likitamkwa miguu iende yenyewe.

Kambi na jangwa

Upepo huvuma kutoka chini ya mto, hasa Aprili na Mei, na huzidi baada ya saa sita mchana. Kuondoka kambini saa moja asubuhi badala ya saa nne ndiyo tofauti kati ya km 22 zilizokamilika na km 12 za kupigana. Maji shwari ya mwanzo wa Desolation ndiyo yanayoumiza zaidi kwa upepo. Sand Wash, mahali pa kuanzia, pana mbu wa kutisha mwanzoni mwa kiangazi, na vibanda vyenye wavu vilivyopo pale vina sababu yake. Desolation pia ina dubu weusi wanaozoea kambi, kwa hiyo chakula hufungwa kwenye masanduku imara kila usiku. Malipo yake ni miti mikubwa yenye kivuli na kijito cha Rock Creek chenye maji maang'avu.

San Juan hukupa michoro ya kale kwenye mwamba pale Butler Wash na magofu ya River House siku ya kwanza tu, baadaye mizunguko mirefu ya Goosenecks. Shida yake iko mwishoni. Ziwa Powell lilipojaa lilirudi nyuma hadi ndani ya San Juan na kumwaga mchanga. Ziwa limeshuka, mchanga umebaki, na mto sasa unatanda juu yake. Baada ya korongo la pembeni la Slickhorn tegemea kushuka na kuvuta boti kwa mkono, ukitafuta mkondo upande wa nje wa kila kona. Kambi kadhaa za sehemu hiyo hupangwa pamoja na kibali, kwa hiyo huchagui siku hiyo. Usipitilize Clay Hills: chini yake mto umejichimbia poromoko lisilopitika.

Grand Canyon kiangazi hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na mwamba mweusi wa sehemu ya ndani hutoa joto usiku kucha. Julai hadi Septemba mvua za radi huleta mafuriko ya ghafla. Hili ni la mito yote mitatu: usipige hema kwenye mdomo wa korongo la pembeni, hata kama juu yako anga ni samawati.

Maji ya kunywa panga lita 4 kwa mtu kwa siku, bila ya kupikia. Yakiwa tope, na San Juan huwa tope, tumia shabu, ileile ya sokoni. Robo hadi nusu kijiko cha chai kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha usiku kucha. Asubuhi mimina yaliyo safi juu bila kutikisa tope, yapitishe kwenye kichujio, kisha weka matone 2 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwa kila lita na usubiri nusu saa. Ukikimbilia kichujio kabla tope halijatulia, kitaziba siku ya kwanza.

Choo, moto na mizigo

Sheria ni zilezile kote: kinyesi chote hubebwa hadi mwisho, moto huwashwa kwenye sinia la chuma na majivu hubebwa, maji ya vyombo huchujwa kabla ya kumwagwa mtoni. Mkojo huenda mtoni, si kwenye choo wala kwenye mchanga. Kopo moja la choo linalofungwa kwa kubana hutosha takriban matumizi 50. Watu 8 kwa siku 6 za San Juan ni kopo moja na la akiba. Watu 16 kwa siku 16 za Grand Canyon ni makopo 6, na hapo bado hujapakia chakula, ambacho kwa milo mitatu ya siku ni sahani 768.

Hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo. Kwenye San Juan boti ya futi 14 inatosha familia. Grand Canyon hutaka boti za futi 16 hadi 18, na kila boti mvuta makasia wake, siku 16 mfululizo. Sanduku la barafu la wiki ya pili lifungwe kwa utepe, lifunikwe gunia lililoloweshwa, na lisifunguliwe hadi siku yake. Kila kitu kifungwe kwa mikanda kana kwamba boti itapinduka kesho: shika mzigo, utikise, ukisogea, haujafungwa.

Barabara

San Juan ni rahisi kuanza, ila barabara ya Clay Hills ni ya udongo, ikilowa huteleza. Barabara ya Sand Wash ni ndefu na mbaya zaidi mvua ikinyesha. Vikundi vingi hupanda ndege ndogo kutoka mji wa Green River hadi juu ya mlima, kisha hutelemka kwa miguu hadi mtoni, na madereva wa kukodi huzungusha magari. Lees Ferry ina lami, na mji wa Flagstaff hukodisha boti hadi sufuria. Barabara ya Diamond Creek hukatiza kijito chenyewe, na mafuriko huikata. Kuna simu ya setilaiti? Kodisheni, kwa mto wowote.

Kwa hali yako

Una watoto wadogo au watu ambao hawajawahi kulala mtoni: San Juan, Mei hadi mwanzo wa Juni. Mkiwa na siku tatu tu, ishieni mji wa Mexican Hat, takriban km 43, mkaepuka mchanga wa chini wote.

Una wavuta makasia wawili wanaojifunza, vijana wanaotaka kuogelea, na wiki nzima: Desolation, kuanzia katikati ya Julai mbu wakipungua na maji yakipata joto. Gharika ya Juni waachieni waliokwisha kuushuka.

Timu yenu ina angalau mtu mmoja mzoefu kwa kila boti, na kazi zinazowaachia wiki mbili hadi tatu: Grand Canyon. Aprili na mwisho wa Septemba ni afadhali kwa joto. Baridi hutoa siku nyingi zaidi, hadi 25, lakini jua ni haba ndani ya korongo na kila mtu anahitaji suti isiyoingiza maji. Mnaoitamani Grand Canyon bila wavuta makasia wa kutosha, kampuni zenye leseni hushuka na wageni, kwa boti za injini, za makasia, au zile ambazo kila abiria hushika kafi lake.

Na kama kibali cha Grand Canyon kimeshatoka lakini kikundi hakijawahi kusafiri pamoja, ombeni tarehe ya San Juan au Desolation kabla yake na mwende na boti zilezile, jiko lilelile, choo kilekile. Pimeni muda wa kufunga kambi asubuhi, tangu chai hadi boti ya mwisho kuondoka. Ukizidi saa tatu, punguzeni mizigo kabla ya Lees Ferry.